Aljebra na Mizani ya Bahati

Msomaji, chukua mfuko wa nguo utie ndani yake shanga 6 nyeupe. Kisha mpe mwenzako mfuko huo, nawe ugeuze uso, aongeze shanga nyeusi kwa idadi aipendayo mwenyewe. Mfuko ukisha kutikiswa, mwenzako akuambie neno moja tu: kwamba mtu akitia mkono bila ya kutazama, uwezekano wa kutoa shanga nyeupe ni theluthi moja. Je, waweza kumwambia shanga nyeusi ni ngapi kabla ya mfuko kufunguliwa?

Waweza. Idadi ya shanga nyeusi huijui, lakini kutojua si kizuizi cha kuanza. Ipe jina. Iite x. Shanga zote zilizomo mfukoni, basi, ni 6 ukijumlisha na x, na uwezekano wa kutoa nyeupe ni 6 ukigawanya kwa jumla hiyo. Umeambiwa kuwa mgawo huo ni theluthi. Kwa hiyo jumla ni mara 3 ya 6, yaani 18. Ukitoa 6 katika 18 zabaki 12. Mfuko na ufunguliwe: shanga nyeusi ni 12, hazizidi wala hazipungui.

Hesabu hii ni nyepesi, na darasani hupita kwa dakika chache. Hata hivyo zimekutana ndani yake fikira mbili kubwa ambazo zilikaa mbalimbali kwa karne nyingi. Ya kwanza ni kukitaja kwa jina kitu kisichojulikana na kukitumikisha katika hesabu kana kwamba chajulikana. Ya pili ni kukipima kitu ambacho bado hakijatokea. Fikira ya kwanza ndiyo aljebra. Ya pili ndiyo elimu ya uwezekano. Namna zilivyokutana ni habari ya ugomvi wa fedha uliowashinda wenye akili kwa muda wa miaka 160. Nataka kukusimulia habari hiyo, kwa sababu kosa lililowapotosha wao ni kosa ambalo mimi na wewe twaweza kulifanya leo kabla ya jua kuchwa.

Tuanze na fikira ya kwanza. Katika mji wa Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, alikuwako mwanachuoni aitwaye Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alitunga kitabu cha hesabu ambacho katika jina lake limo neno al-jabr, na kutokana na neno hilo twapata jina la aljebra. Usidhani kuwa alikitunga kwa kujipumbaza na mafumbo. Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu mirathi na wasia: mtu amekufa, ameacha mke, watoto na deni, na tena ameusia fungu la mali yake kwa mtu wa nje, kila mmoja apate nini? Waislamu wa pwani yetu, ambao wamegawa mirathi kwa sheria hiyo kwa karne nyingi, hawataona ajabu kuwa hesabu ya kisichojulikana ilikulia katika nyumba ya kugawa haki. Al-Khwarizmi hakutumia herufi kama tufanyavyo sisi. Alieleza kila hatua kwa maneno, na kiasi kisichojulikana aliweza kukiita "kitu" tu. Wataliani walipoipokea elimu hii nao walikiita vivyo hivyo kwa lugha yao. Herufi zilikuja baadaye. Mfaransa François Viète alizitumia kwa utaratibu mwaka 1591, na mwenzake René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, akaizoeza dunia kutumia x, y na z kwa vitu visivyojulikana.

Fikira ya pili ilichelewa. Watu walicheza dadu tangu zama za kale, na walipiga kura kwa mambo makubwa na madogo, lakini bahati yenyewe waliiona kuwa kitu cha ghaibu kisichoingia katika vipimo. Wazee wetu husema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Nani basi awezaye kulipima giza kwa shubiri na dhiraa?

Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, jina lake Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hesabu. Ndani yake aliuliza swali ambalo kwa sura lilikuwa jepesi. Pande mbili zacheza mpira. Kila mchezo mmoja humpa mshindi wake alama 10, na upande utakaotangulia kupata alama 60 ndio utakaochukua dau lote lililowekwa. Kabla ya shindano kwisha, jambo fulani lazuka na kulikatiza. Upande wa kwanza una alama 50, na wa pili una alama 20. Dau ligawanywe vipi?

Pacioli alijibu kwamba kila upande upate kwa kadiri ya alama zake: 50 kwa 20, yaani mafungu 5 kwa 2. Jibu hili lapendeza masikioni. Kila mtu avune alichopanda, nani atakayelilaumu? Nadhani wewe nawe, msomaji, kama ungeitwa kuamua ugomvi huo uwanjani, ungekata shauri kama alivyokata yeye.

Wa kwanza kuona ufa katika ukuta huo alikuwa Girolamo Cardano, tabibu aliyekaa Milan. Cardano aliujua mchezo kwa maumivu yake, maana mwenyewe aliungama kuwa alicheza kamari kwa miaka mingi. Aliandika kitabu juu ya michezo ya dadu, nacho hakikuchapishwa mpaka mwaka 1663, miaka 87 baada ya kufa kwake. Katika kitabu kingine, kilichotoka mwaka 1539, alisema kuwa Pacioli ametazama michezo iliyokwisha chezwa, akaisahau ile iliyobaki. Neno hilo lilikuwa kweli tupu. Lakini kanuni aliyoitunga mwenyewe kwa kuihesabu michezo iliyobaki haikuwa sawa, na ugomvi ukabaki pale pale.

Kisha akaja Niccolò Tartaglia wa Brescia. Katika kitabu chake cha mwaka 1556 aliijaribu kanuni ya Pacioli kwa mfano mmoja mkali. Tuseme, alisema, shindano lile limekatizwa baada ya mchezo wa kwanza tu. Upande mmoja una alama 10, na mwingine hauna kitu. Kwa kanuni ya Pacioli, mwenye 10 atachukua dau lote, hali bado anahitaji kushinda mara 5 zaidi. Na mwenzake, ambaye ameachwa nyuma kwa hatua moja tu, atakwenda kwao mikono mitupu. Je, hiyo ni haki? Tartaglia alitoa kanuni yake mwenyewe, lakini hata hiyo haikumtuliza moyo. Akasema kwamba jambo hili ni la hakimu zaidi kuliko la mwanahesabu, na kwamba kwa namna yoyote litakavyoamuliwa, sababu ya kushtakiana haitakosekana.

Hapa tusimame kidogo, msomaji, tuulize kwa nini watu hawa hodari walishindwa. Si kwa upungufu wa akili. Cardano na Tartaglia ni miongoni mwa watu walioifungua njia ya kutatua milinganyo ya daraja la tatu, kazi ngumu mara nyingi kuliko hii. Walishindwa kwa kuwa kitu kilichogombewa hakikuwako. Alama zilizokwisha patikana zaweza kuhesabiwa. Zimeandikwa ukutani, na kila mtu azitazame. Michezo ambayo haikuchezwa haikuandikwa popote. Jicho la mwanadamu hukimbilia kinachoonekana, na mkono wake hugawa kwa kufuata jicho.

Ukapita muda wa karibu miaka 100. Mwaka 1654 Mfaransa Antoine Gombaud, aliyejulikana zaidi kwa jina la Chevalier de Méré, alimpelekea swali hilo Blaise Pascal mjini Paris. Pascal alikuwa kijana wa miaka 31, mgonjwa wa mwili na mwepesi wa fikira. Alilishika swali, na ili kuihakikisha njia yake akaandikiana barua na Pierre de Fermat wa mji wa Toulouse. Sasa sikiliza jambo la ajabu. Tartaglia alikuwa amesema kuwa swali hili ni la hakimu; na huyo Fermat, ingawa twamkumbuka kwa hesabu zake, kazi yake ya kila siku ilikuwa katika baraza la mahakama ya Toulouse. Hesabu ilikuwa burudani yake ya saa za mapumziko.

Mfano alioutoa Pascal katika barua yake ya tarehe 29 Julai 1654 ni huu. Watu wawili wamewekeana dau la sarafu 32 za dhahabu kila mmoja, jumla 64. Atakayetangulia kushinda michezo 3 atachukua zote. Wa kwanza amekwisha kushinda 2, wa pili 1, kisha wanaacha kucheza. Kila mmoja apate ngapi?

Pascal alieleza kwa maneno. Sisi tumfuate kwa herufi. Fungu la haki la mchezaji wa kwanza tuliite x. Sasa tufikirie kuwa wanacheza mchezo mmoja zaidi. Akishinda, atapata zote 64. Akishindwa, watakuwa sawa, 2 kwa 2, na watu walio sawa hugawana sawa. Kwa hiyo atapata 32. Basi sarafu 32 ni zake kwa hali yoyote, ashinde ama ashindwe. Zile 32 nyingine ndizo zenye shaka, na shaka hiyo imegawanyika nusu kwa nusu. Basi nazo zigawanywe nusu kwa nusu. Mlinganyo wetu wasema kuwa x ni nusu ya jumla ya 64 na 32, yaani 48. Mwenzake apata 16.

Jibu hili likisha kupatikana, lawa ngazi ya kupandia jingine. Tuseme wa kwanza ana ushindi 2 na wa pili hana kitu. Fungu la wa kwanza tuliite y. Akishinda mchezo ufuatao, apata 64. Akishindwa, wanafika kwenye 2 kwa 1, na hapo twajua tayari kuwa haki yake ni 48. Basi y ni nusu ya 64 na 48, yaani 56. Je, kama ana ushindi 1 na mwenzake hana? Tuliite z. Akishinda, wanafika kwenye 2 kwa 0, penye 56. Akishindwa, wako 1 kwa 1, penye 32. Nusu ya 56 na 32 ni 44. Waona alivyofanya? Alianza mwisho wa safari akarudi mwanzo, na kila kituo alichokifikia kikawa mwanga wa kituo kilicho nyuma yake.

Tangu utoto wetu twasikia methali isemayo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Twaitumia kuwapatanisha waliogombana, tukidhani ni dawa ya moyo tu. Tazama sasa kuwa ni kanuni ya hesabu pia. Pacioli aliganga yaliyopita. Pascal aliuliza swali moja tu: kila mtu amebakiwa na nini mbele yake? Michezo iliyokwisha chezwa haina thamani kwa nafsi yake. Thamani yake ni kufupisha au kurefusha njia iliyobaki.

Fermat alipita njia nyingine. Yeye alihesabu hali zote zinazoweza kutokea. Penye 2 kwa 1, michezo miwili ikichezwa, hapana budi mshindi apatikane. Michezo miwili yaweza kwenda kwa namna 4: wa kwanza ashinde yote miwili; ashinde kisha ashindwe; ashindwe kisha ashinde; ashindwe yote miwili. Katika namna 3 za mwanzo dau ni lake, na katika moja ni la mwenzake. Haki yake, basi, ni robo tatu ya 64, nayo ni 48. Watu wawili, miji miwili, njia mbili, jibu moja. Pascal alifurahi mno, akamwandikia mwenzake kuwa sasa aona jinsi ukweli ulivyo mmoja katika Toulouse na katika Paris.

Turudi kwa Pacioli na mpira wake. Mwenye alama 50 anahitaji ushindi mmoja. Mwenye 20 anahitaji ushindi 4. Ili huyu wa pili achukue dau, hana budi kushinda mara 4 mfululizo. Tukichukulia kuwa pande zote zina nguvu sawa, uwezekano huo ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani 1/16. Kama dau ni shilingi 112, Pacioli angempa wa kwanza 80 na wa pili 32. Hesabu ya kweli yampa wa kwanza 105 na wa pili 7. Katika mfano wa Tartaglia, yule aliye nyuma kwa mchezo mmoja, ambaye Pacioli angemnyima kila kitu, hesabu yaonyesha kuwa anastahili zaidi ya theluthi ya dau. Kanuni ile ile iliyoonekana kuwa ya haki ilimdhulumu mwenye nguvu mahali pamoja, ikamdhulumu mnyonge mahali pengine. Hiyo ndiyo hatari ya haki igawanywayo kwa macho.

Usidhani kuwa watu wote walikubali mara moja. Mwanahesabu Roberval wa Paris alipinga njia ya Fermat. Alihoji kuwa mchezaji wa kwanza akishinda mchezo ufuatao, shindano limekwisha. Kwa nini basi uhesabiwe mchezo wa pili ambao hautachezwa na mtu yeyote? Pascal alijibu kuwa wachezaji wakikubaliana kuendelea mpaka michezo yote miwili iishe, hali ya yeyote kati yao haibadiliki, maana aliyekwisha kushinda hawezi tena kunyang'anywa. Kuihesabu michezo hiyo, basi, hakumdhuru mtu, na huzifanya hali zote ziwe na uzito mmoja.

Neno hili la uzito lishike sana, kwa kuwa liliwakwaza watu wakubwa. Mwaka 1754, miaka 100 kamili baada ya barua zile, mwanachuoni mashuhuri d'Alembert aliandika katika kamusi kuu ya elimu ya Wafaransa juu ya kurusha sarafu. Mtu arushe sarafu mara mbili. Uwezekano wa kupata upande wa kichwa angalau mara moja ni kiasi gani? D'Alembert alisema kuwa hali ni 3 tu: kichwa mara ya kwanza, na hapo mchezo umekwisha, upande wa pili kisha kichwa, upande wa pili mara zote mbili. Hali 2 katika 3 ni njema, basi jibu ni theluthi mbili. Lakini jibu hilo si sahihi. Tuuite uwezekano huo x. Nusu ya bahati yote imo katika kichwa cha kwanza. Nusu iliyobaki hugawanyika tena nusu mbili, na moja kati ya hizo ni njema. Basi x ni nusu na robo, yaani robo tatu. Hali zile ni 3 kweli, lakini uzito wake ni nusu, robo na robo. Kesho mvua itanyesha au haitanyesha; hali ni mbili, na hakuna mkulima wa kwetu atakayesema kuwa uwezekano wake ni sawa katika mwezi wa masika na katika mwezi wa kiangazi.

Mtu aliyezifunga pamoja aljebra na bahati kwa fundo lisilofunguka alikuwa Mholanzi Christiaan Huygens. Alifika Paris mwaka 1655 akiwa na miaka 26, akasikia maswali haya yakizungumzwa, lakini njia za kuyatatua hakuonyeshwa. Aliporudi kwao aliyafanyia kazi peke yake, na kitabu chake kidogo kilichotoka kwa Kilatini mwaka 1657 kikawa cha kwanza kuchapishwa juu ya elimu hii. Humo aliweka kanuni kwa herufi: ikiwa kuna namna p za kupata kiasi a, na namna q za kupata kiasi b, zote zikiwa za uzito mmoja, basi thamani ya nafasi yako ni pa ukijumlisha na qb, kisha ukigawanya kwa jumla ya p na q. Kwa mstari mmoja aliwajibu wachezaji wote wa dunia, waliokuwako na wasiozaliwa bado.

Lakini lililo zuri kupita yote limo mwishoni mwa kitabu. Mimi na mwenzangu twarusha dadu mbili kwa zamu. Yeye atashinda akipata jumla ya 6. Mimi nitashinda nikipata jumla ya 7. Yeye ndiye wa kwanza kurusha, na twaendelea mpaka mmoja apate yake. Nani mwenye nafasi bora? Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Namna 5 huleta jumla ya 6, na namna 6 huleta jumla ya 7. Mimi nina namna moja zaidi. Yeye ana heri ya kutangulia.

Jaribu kuitumia njia ya Fermat hapa, msomaji, utachoka. Mchezo huu hauna mwisho uliowekwa. Waweza kwisha kwa mrusho mmoja, na waweza kufika mrusho wa 100 bado haujaamuliwa. Orodha ya hali zake haina ukurasa wa mwisho. Ni nani atakayehesabu kisichokwisha?

Aljebra itahesabu. Nafasi yangu ya kushinda, wakati zamu ni yake, tuiite x. Nafasi yangu wakati zamu ni yangu tuiite y. Yeye akirusha, namna 31 katika 36 humkosesha na kunipa zamu; kwa hiyo x = 31/36 ya y. Mimi nikirusha, namna 6 katika 36 hunipa ushindi papo hapo. Na namna 30 katika 36 hunikosesha, zamu ikarudi kwake. Na zamu ikirudi kwake, tuko wapi? Tuko pale pale tulipoanzia, na nafasi yangu ni x tena. Kwa hiyo y = 6/36 pamoja na 30/36 ya x. Ukiuingiza mlinganyo wa pili katika wa kwanza, na kuziondoa sehemu, utapata 1296x = 186 + 930x. Ondoa 930x kila upande: 366x = 186. Basi x = 31/61. Nafasi yangu kwa nafasi yake ni 31 kwa 30, na hilo ndilo jibu alilolitoa Huygens. Heri ya kutangulia yake yeye imeshindwa, kwa unywele tu, na ile namna moja ya ziada niliyo nayo mimi.

Angalia tena kilichofanyika. Njia isiyo na mwisho imekunjwa ikawa duara, na x, ambayo hatukuijua, imesimama pande zote mbili za mlinganyo na kusaidia kujifichua yenyewe. Kama tusingekuwa na ujasiri wa kukipa jina tusichokijua, tungalikuwa bado twahesabu mirusho.

Elimu hii haikubaki mezani pa wachezaji. Mwaka 1671 Johan de Witt, kiongozi wa serikali katika Uholanzi, aliitumia kukadiria bei ya haki ya malipo ambayo serikali iliwalipa watu kila mwaka maadamu wako hai. Maana urefu wa maisha nao ni mchezo ambao hakuna ajuaye utakatizwa lini. Mwaka 1713 kilichapishwa kitabu cha Jakob Bernoulli wa Basel, aliyekuwa amekufa tangu 1705, kilichothibitisha kwamba jambo likijaribiwa mara nyingi sana, hesabu ya matokeo husogea karibu na uwezekano wake wa kweli. Bima, uchunguzi wa dawa na utabiri wa hali ya hewa vyote hunywa maji ya kisima hiki.

Na wewe, msomaji, una faida gani? Siku moja utaitwa na mtu akuonyeshe mchezo wa bahati. Atakuambia: lipa shilingi 50, na ukibahatika utapata 1,000. Atakuonyesha fedha hizo, nawe utaziona kwa macho, kama Pacioli alivyoziona alama ukutani. Usizitazame fedha. Uliza uwezekano ni kiasi gani. Ukiwa ni 1 katika 40, nafasi unayouziwa ina thamani ya 1,000 ukigawanya kwa 40, nayo ni shilingi 25. Wanunua kwa 50 kitu cha 25. Ukitaka kujua zawadi ya haki ingekuwa ngapi, iite x, uandike kuwa x ukigawanya kwa 40 ni 50, utapata 2,000. Mwenye mchezo amejua hesabu hiyo kabla yako, na nyumba yake imejengwa kwa tofauti iliyopo kati ya 1,000 na 2,000.

Na ukimwona rafiki yako amepoteza mara 9, naye asema kuwa mara ya 10 ni lazima apate kwa kuwa bahati yake imekaribia, mkumbushe methali yetu. Sarafu haina kumbukumbu wala haina huruma. Haijui kuwa alishindwa jana, wala haioni haya kumshinda tena leo. Hasara yake imepita. Lililo mbele yake lina uzito ule ule liliokuwa nao asubuhi.

Nakuachia swali moja kabla hatujaagana. Wanafunzi wawili, nguvu zao sawa, wamewekeana machungwa 40. Atakayetangulia kushinda michezo 5 atayachukua yote. Wa kwanza amekwisha kushinda 4, na wa pili 2, mara kengele yalia na mwalimu awaita darasani. Nao wamekubali kwamba wewe ndiwe utakayegawa. Usihesabu 4 wala 2. Tazama kila mmoja amebakiwa na nini, kipe jina usichokijua, kisha ugawe machungwa mbele yao wote wawili.